Makontena ya makinikia na kumbukumbu za dhahabu

NENO kontena lina historia chungu wilayani Kahama. Mwaka 2017 Serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia katika Bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilikadiria kuwa yalibeba tani 7.8 za dhahabu. Kampuni ya Acacia ikapinga. Mgogoro huo ulihitimishwa kwa makubaliano kati ya Serikali na Barrick, yaliyotiwa saini Januari 2020, lakini swali lake lingali hai: nani anatunza kumbukumbu za dhahabu, na nani anaweza kuzihakiki?

Swali hilo sasa linamgusa hata mchimbaji mdogo. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mauzo yake huacha nyuma kumbukumbu za uzito, ubora, bei na mrabaha. Kumbukumbu za namna hiyo zikikaa katika seva moja, mwenye funguo za seva hiyo ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Ipo njia nyingine. Mfumo wa IPFS, ulioanza mwaka 2015, hutunza mafaili katika kompyuta nyingi zenye hadhi sawa. Kila faili hutambuliwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Tarakimu moja ya uzito ikibadilishwa, alama nayo hubadilika. Alama hiyo ikichapwa kwenye stakabadhi, mchimbaji anabaki na ushahidi mkononi.

Kompyuta hizo huweza kuendeshwa kwa Kubernetes, programu iliyotolewa na Google mwaka 2014. Kazi yake ni kusimamia programu zilizofungwa katika vifurushi ambavyo navyo huitwa makontena. Kimoja kikianguka, kingine husimamishwa mahali pake.

Hapo ndipo penye mtego. Kwa kawaida Kubernetes huyaona makontena kama vibarua: akiondoka huyu, anaingia yule. Lakini kituo cha kutunza mafaili ni mtunza ghala. Hakina budi kurejea na utambulisho wake ule ule na diski yake ile ile. Vinginevyo hurudi kikiwa kigeni na kitupu. Aidha, nakala tatu zilizomo katika jengo moja zinaweza kuteketea kwa moto mmoja. Hifadhi ya kweli ni nakala moja Geita, ya pili Kahama, ya tatu Shinyanga mjini.

Faida ya kuwa na nakala karibu ilidhihirika Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikadorora nchini. Aliyeweka data zake zote ng'ambo alilazimika kusubiri. Aliyekuwa na nakala jirani angeweza kuendelea na kazi kwa mtandao wa ndani.

Hata hivyo, nakala zikishasambaa ni vigumu kuzifuta, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake. Kwa hiyo majina ya wachimbaji hayana budi kuwekwa kando, chini ya ulinzi wake.

Zaidi ya yote, alama huthibitisha kuwa kilichoandikwa hakijaguswa. Haithibitishi kuwa kilikuwa kweli. Mizani ikipunja asubuhi, mfumo huu utautunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa, Geita, Kahama na Shinyanga. Ukaguzi wa mizani ndio unaopaswa kutangulia, seva zifuate.