Bingwa wa umeme wa moyo akirudi, aikute kazi yake

Moyo wa Profesa Harry Heller, tabibu wa Israel, ulikuwa na vipindi vya kwenda mbio kupita kiasi. Mwaka 1966 ukamuua. Daktari wa moyo Michel Mirowski, aliyewahi kufanya kazi chini yake, akabaki na swali: mashine ya kushtua moyo ipo hospitalini, kwa nini isifanywe ndogo hadi ikae mwilini mwa mgonjwa?

Mirowski alikuwa ameisotea taaluma. Alizaliwa Warsaw mwaka 1924, akapoteza familia yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasomea udaktari Lyon, kisha akajinoa Mexico na Baltimore. Lakini hospitali aliyorudi kuitumikia Israel haikuwa na wahandisi wala maabara ya kuundia kifaa kama hicho. Mwaka 1968 akafungasha, akarudi Marekani. Huko yeye na Morton Mower wakakomaa na kazi hiyo, ingawa bingwa mashuhuri Bernard Lown aliipinga kwa maandishi, hadi Februari 1980 mgonjwa wa kwanza alipopandikizwa kifaa hicho katika hospitali ya Johns Hopkins.

Israel ilikuwa na mtu, ikakosa mahali pa kumweka. Afrika Mashariki isirudie hayo.

Njia ya kumpata bingwa wa umeme wa moyo, yaani wa mapigo yaliyovurugika, ni ndefu. Nchini Tanzania kijana husoma udaktari miaka 5, akafanya utarajali mwaka 1, akarudi darasani kwa ubingwa wa magonjwa ya ndani, kisha ubobezi wa moyo. Umeme wa moyo huja baada ya hayo yote, na mara nyingi humlazimu kwenda ng'ambo. Anaporudi amekaribia au amevuka miaka 40, na ujuzi wake uko mikononi: kupitisha mirija myembamba kwenye tundu dogo la paja hadi ndani ya moyo, kusoma umeme unavyosafiri, kukitafuta kijisehemu kinachovuruga mapigo na kukiunguza. Mikono hiyo isipopata wagonjwa wa kutosha kila mwezi, hufifia.

Haitoshi, basi, kumlipia ada na tiketi ya ndege. Muuguzi na fundi wa mitambo ya tiba hiyo wasomeshwe pamoja naye, maana hakuna anayefanya kazi hii peke yake. Fedha za mirija zitengwe kabla hajarudi, kwa kuwa mingi hutumika mara moja ikatupwa. Bima nazo zikubali kulipia tiba yenyewe. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, imekwisha kuonyesha kwamba tiba ya moyo iliyokuwa ikifuatwa India inawezekana hapa.

Jingine ni la wilayani. Mama anayezimia shambani mara kwa mara huambiwa ana kifafa au amerogwa, kwa sababu hakuna aliyempima umeme wa moyo. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Kisipofanyika huko, bingwa aliyesoma miaka yote hiyo atamsubiri mgonjwa ambaye hakuna aliyemwelekeza kwake.