Breki Kwanza, Kompyuta ya Injini Baadaye

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Kazi ilinibana, na mteja ninayemhudumia siku hizi habanduki kwenye simu. Leo nimerudi nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Hasira yenyewe haihusu hifadhidata wala programu za rununu. Inahusu magari, ingawa mtaona kwamba kipakatalishi kimo ndani yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Walioniuliza kama ile Golf bado ninayo: ninayo. Ni GTI ya kizazi cha tano, ya mwaka 2007, injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu ya farasi 200 ilipotoka kiwandani. Niliinunua hapa hapa Nairobi kutoka kwa mwenyewe, maana kwa sheria yetu ya miaka 8 gari la umri huo haliwezi tena kuingizwa nchini. Hunipeleka kazini, humpeleka binti yangu shuleni, humpeleka mama Nyeri mwisho wa mwezi. Halafu mara tatu au nne kwa mwaka naipeleka kwenye uwanja wa mbio, navaa helmeti, na kwa saa chache najidanganya kuwa mimi ni dereva.

Sasa, kila anayenunua gari la aina hii huambiwa neno lile lile siku ya kwanza: anza na "Stage 1". Yaani fundi aje na kipakatalishi, achomeke waya chini ya usukani, aandike upya programu ya kompyuta ya injini, na baada ya nusu saa uwe na farasi 240 bila kufungua hata boliti moja. Mimi nasema ushauri huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Na kwa gari linalobeba familia Jumatatu, ushauri huo ni hatari. Sijawahi kumsikia hata fundi mmoja wa kipakatalishi akimwuliza mteja: mafuta yako ya breki yalibadilishwa lini?

Mimi hakuniuliza. Wala mimi sikujiuliza, ndiyo maana silaumu mtu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeshaandikiwa faili jipya, na gari lilikuwa linaruka kama swala. Nikaenda uwanjani. Mzunguko wa tano kanyagio la breki likaanza kuwa refu, nikapumzika, likapona, nikarudi. Nilifikiri yamekwisha. Jumamosi iliyofuata tukatoka na familia kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, ile ya kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kupita kale kakanisa kadogo ka Waitaliano kalikojengwa mwaka 1942. Mbele yangu lori, nyuma yangu lori. Nilikuwa nimeacha gia kwenye D kama mtu aliye Ngong Road, nikawa nabonyeza breki kidogo kidogo njia nzima. Karibu na chini, kanyagio likazama. Halikuwa gumu wala laini, lilikwenda tu, kama kukanyaga sponji iliyolowa.

Nikaishusha gia kwa mkono hadi ya pili, nikavuta breki ya mkono polepole. Breki ya mkono ya gari lile huvuta kalipa za nyuma kwa waya, haitegemei mafuta, na huo ndio waya uliotuokoa. Tulisimama kando, mita chache kutoka kwenye lori. Binti aliuliza kama tumefika.

Nilipoyatoa mafuta ya breki nyumbani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kitabu cha gari kilionyesha kwamba yalikuwa na miaka minne.

Elimu yenyewe ni fupi, na ningependa kila mwenye gari la kasi aijue kabla ya kujua neno turbo. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 160 kwa saa limebeba nishati ya karibu megajuli 1.4. Ukilisimamisha, nishati hiyo yote inakuwa joto kwenye diski na pedi: ni joto la kutosha kuchemsha lita nne za maji ya bomba. Kwa kilomita 80 kwa saa ni robo tu ya hiyo, kwa sababu mwendo ukizidishwa mara mbili nishati inazidi mara nne. Kwa hivyo mtu anayesema "breki zangu ni nzuri, hazijawahi kunisumbua mjini" hajapima chochote. Mafuta ya DOT 4 kiwango chake cha chini cha kuchemka ni sentigredi 230 yakiwa mapya. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. (Walio Mombasa, ninyi hali yenu ni mbaya kuliko yetu.) Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Ndiyo ile sponji. Na yakipoa kanyagio hurudi likakudanganya, huku maji bado yamo humo humo.

Lita moja ya mafuta mazuri ya breki, yale yanayozidi sentigredi 300 yakiwa mapya, haifiki bei ya tairi moja. Badilisha kabla ya uwanja na usiyaache zaidi ya mwaka. Pedi nazo: usikubali kuuziwa pedi za mashindano kamili. Hizo zinataka joto, na saa kumi na mbili asubuhi ukitoka getini hazina joto, hazishiki, zinapiga kelele na kula diski. Tafuta za kati, zinazoshika zikiwa baridi na zinazovumilia mizunguko minne au mitano. Kisha usikimbize zaidi ya hiyo mitano. Mzunguko wa mwisho endesha taratibu zipoe.

Tairi sina maneno mengi. Soma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kama tairi ni la mtumba na lina umri wa mtoto wa darasa la tatu, hata uongeze farasi mia litateleza tu.

Sasa nirudi kwa kipakatalishi, kwa sababu hapa ndipo ninapojua ninachosema kikazi. Faili wanalokuandikia wengi limenunuliwa au limenakiliwa. Liliandikwa mahali pa chini karibu na bahari, kwa petroli ya oktani 98 au zaidi. Sisi tuko mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa pwani ni kilopaskali 101, Nairobi ni kama 83. Chukua hesabu ndogo: programu ikidai kilopaskali 220 ndani ya manifoldi, pwani turbo inabana hewa mara 2.2, hapa itabidi ibane mara 2.65. Turbo ndogo ya kiwandani inazunguka kwa kasi zaidi, inatoka nje ya eneo lake la ufanisi, na hewa inatoka moto zaidi. Hewa moto pamoja na petroli ya oktani ndogo ni injini kugonga. Kompyuta itajitetea kwa kuchelewesha cheche, na ile nguvu uliyolipia inapungua kimyakimya.

Nilipima. Nilitumia VCDS, kundi la 115 kwa shinikizo la turbo na kundi la 020 kwa cheche. Kwa faili jipya, gia ya tatu, barabara ya kupanda, silinda mbili zilikuwa zinacheleweshwa digrii 8 hadi 9, na shinikizo halikufika lilikodaiwa. Kwa faili la kiwandani, digrii 2 au 3. Nilimpelekea fundi jedwali lote. Jibu lake: "Lakini unasikia gari lina nguvu, sivyo?" Ndugu zangu waandishi wa programu, mtu akiweka kodi mbele ya wateja bila jaribio hata moja na bila kumbukumbu, halafu akakuambia "lakini kwangu inafanya kazi", mnamwitaje? Nilirudisha faili la kiwandani wiki hiyo hiyo.

Zile faili za kufanya ekzosi ipige risasi ukiachilia mafuta sitazijadili. Petroli inachomwa makusudi kwenye ekzosi na kichocheo kinapikwa, ili watu wa Westlands wageuke. Basi.

Kushusha gari je? Nimeendesha gari la rafiki lililoshushwa sentimita sita. Uwanjani tamu kabisa. Kwenye tuta lisilo na alama usiku, bakuli la mafuta ya injini likapasuka, na la aluminiamu halichomelewi vizuri kila mahali. Badala yake weka shoki mpya za kawaida, bushi mpya, fimbo ya nyuma nene kidogo, na upimiwe mwelekeo wa magurudumu na mtu anayekupa karatasi ya vipimo. Gari langu lilikuwa linanyoosha badala ya kukata kona. Hiyo fimbo na alainimenti ziliondoa tatizo hilo kuliko farasi wowote.

Najua mtakayoniambia. Kwamba Nairobi hakuna mahali pa kufika 160, kwa hivyo breki za nini? Sawa, lakini basi hao farasi 40 ni wa nini? Wengine mtasema nunua gari la pili la uwanjani. Mwenye nafasi ya kuegesha magari mawili na bima mbili anunue. Mimi ninaandikia wenye gari moja. Na mkisema nguvu ndiyo raha, hapo nakubali, sitajifanya mtawa. Nguvu ni raha. Nitaiongeza siku moja, na faili lililoandikwa hapa, kwa petroli ya hapa, na kumbukumbu nizione mwenyewe kabla ya kulipa. Hadi hapo sanduku la gia pia litakuwa limepata mafuta yake ya kilomita 60,000, ambayo mwenye gari wa kwanza hakuyabadilisha.

Kwa sasa gari lina farasi 200 zile zile, na mwezi uliopita uwanjani lilizunguka haraka kuliko lilivyozunguka likiwa na 240. Jumatatu yake, saa kumi na mbili na nusu, binti alikuwa nyuma na begi lake, na kanyagio lilikuwa juu.