Wapagazi wa Ziwa Nyasa waandikwe majina

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Liuli mapema mno. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa chini ya Kapteni Rhoades na kuikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, akachukuliwa mateka. Zaidi ya miaka 100 imepita, na majina ya manahodha hao wawili bado yanasomeka vitabuni. Lakini vita iliyofuata ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika, na wengi wao hawakuandikiwa jina hata kaburini. Deni hilo linatuhusu sisi, na wakati wa kuanza kulilipa ni huu ambapo bandari mpya inajengwa Mbamba Bay, kwenye mwambao huohuo wa ziwa.

Mbung'o waliua farasi na punda, barabara za magari zilikuwa haba, hivyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilihitaji binadamu. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lililoingia Songea mwaka 1916 lililishwa kwa mizigo iliyovushwa ziwani kisha kubebwa kwa miguu kupanda milimani. Nyasaland (Malawi ya leo) peke yake ilitoa wapagazi wapatao 200,000, na upande wa Uingereza na washirika wake wote walifikia kama milioni moja. Karibu 100,000 walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao waliwakusanya watu vijijini vivyo hivyo. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, kambi ya wapagazi iliwekwa mahali ambapo leo ni soko la Kariakoo. Mamilioni wamenunua na kuuza pale bila kuona ubao unaowataja waliolala hapo.

Wapo watakaosema wapagazi walikuwa vibarua wenye ujira, si mateka. Ujira ulikuwapo, lakini mtu aliyetolewa kijijini kwa amri ya serikali, na akitoroka anasakwa na kuadhibiwa, hakuwa huru. Wengine watasema vita haikuwa yetu. Kweli haikuwa yetu, na ndiyo maana kifo cha mtu aliyelazimishwa kuibeba kinadai heshima kubwa zaidi. Hoja nzito ni kwamba Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, tayari inawataja wapagazi. Inawataja kwa jumla tu, bila jina hata moja. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ukiri huo usiishie Uingereza. Halmashauri za Nyasa na Mbinga zishirikiane na makanisa, shule na wazee wa koo kukusanya majina kabla kumbukumbu za babu hazijazikwa pamoja na wajukuu wao. Gharama yake ni daftari, walimu wachache na nia. Majina yatakayopatikana, hata yakiwa 50, yachongwe kwenye jiwe bandarini Mbamba Bay, na serikali idai kwa Uingereza na Ujerumani nakala za kumbukumbu zilizobaki.