Safari ya Kurtuba Haitaki Pupa

Nina daftari la shule lenye jalada la buluu ambalo watu wa nyumbani kwangu wamelipa jina: daftari la wazimu. Nilianza kulijaza miaka mitatu iliyopita. Ndani yake mna majina ya miji, bei za nyumba za wageni, saa za magari ya moshi, na kurasa mbili nzima za maneno ya Kihispania niliyoyaandika kwa hati za Kiarabu ili yanikae kichwani. Yote hayo ni kwa ajili ya safari ya siku kumi na mbili ambayo, hadi hivi ninavyoandika, sijapanda hata tuktuk kuianza.

Miji yenyewe ni Cordoba, Sevilla na Granada. Sisi tuliosoma chuoni tuliisikia kwa majina ya Kurtuba, Ishbiliya na Gharnata, na mwalimu alipoyataja sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Msomaji ataniuliza: wewe mtu wa Mvita, una wazimu gani wa kuiacha Makka na Madina ukaenda kutazama majumba ya Hispania? Swali hilo nimeulizwa barazani mara nyingi, na si la kupuuzwa. Nitalirudia. Lakini kwanza niseme ya kwamba miji hiyo si migeni kwetu kama tunavyodhani.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alipita pwani yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Kwa usiku huo mmoja ametuandikia ndizi na samaki waliokuwa chakula chetu, misikiti yetu ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti hiyo ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Hayo aliyesoma tarikhi anayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba kiasi cha miaka ishirini baadaye msafiri huyo huyo alifika Granada, na katika bustani moja, penye kikao cha watu wa elimu, alikutana na kijana mwenyeji wa mji aitwaye Ibn Juzayy. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuyaandika huko Fez masimulizi yote ya safari zile, akayamaliza mwaka 1355. Basi hayo maneno machache tuliyo nayo juu ya Mombasa ya zama zile yamepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Siku nilipolijua hilo ndipo nilipokwenda dukani kununua daftari.

Upande wa pili wa habari hauna utamu. Fort Jesus, ambayo tunapita mbele yake kila siku bila ya kuinua macho, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, wakati taji la Ureno lilipokuwa juu ya kichwa cha mfalme wa Hispania, Philip wa Pili. Ni kwa jina la mfalme huyo huyo ambapo mwaka 1567 ilitangazwa amri mjini Granada kwamba wale Waislamu waliokwisha kubatizwa kwa nguvu wasiseme tena Kiarabu, wasivae mavazi yao, wala wasitumie hamamu zao. Mwaka uliofuata waliasi katika milima ya Alpujarras, wakapigwa na kutawanywa. Na kuanzia mwaka 1609 mwanawe mfalme, Philip wa Tatu, akawafukuza katika nchi kwa maelfu kwa maelfu. Wazee wetu waliokuwa wakitazama mawe ya ngome yakipandishwa hawakujua hayo. Sisi tunaweza kuyajua, na hatuna udhuru. Hata kule Gedi, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, waongozaji huwasimulia wageni juu ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake, na mojawapo ni mkasi wa Kihispania. Nani alioununua, na kwa nini ulifika msituni huko, Mungu ndiye ajuaye.

Nirudi barazani. Mpinzani wangu mkubwa ni nahodha mmoja mstaafu, mtu aliyezijua bandari zote tangu Kismayu hadi Basra, na neno lake huwa na uzito. Aliniambia: "Sheikh, mimi nilipe nauli, nilale kwa pesa, kisha nilipe na tikiti niingie msikitini, na nikishaingia nikatazwe kusujudu? Hayo si matembezi. Huko ni kujitafutia fedheha."

Asemayo ni kweli. Msikiti mkuu wa Cordoba ulianzwa na Abd al-Rahman wa Kwanza kiasi cha mwaka 785, ukapanuliwa mara tatu katika miaka mia mbili, na leo zimo nguzo zaidi ya mia nane, zikibeba matao mawili mawili, tao juu ya tao, tofali jekundu na jiwe jeupe kwa zamu. Mji ulipochukuliwa mwaka 1236 ukafanywa kanisa, na tangu mwaka 1523 katikati yake pakajengwa kanisa kubwa la dari ndefu, kama mtu aliyetia jahazi ndani ya nyumba. Mnara wa kuadhinia umo ndani ya mnara wa kengele. Waislamu wa Hispania wamekwisha kuomba ruhusa ya kuswali humo, wakakataliwa. Mwaka 2010 kikundi cha vijana Waislamu kutoka Austria walikwenda kuzuru, baadhi yao wakaanza kuswali, pakatokea vurugu na walinzi, na wawili wakakamatwa.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na nitasema nionavyo, anayetaka kunipinga na anipinge. Kwenda nitakwenda. Kuswali humo sitaswali. Nyumba ikiwa mikononi mwa mwingine, mgeni hufuata desturi ya mwenye nyumba, na sala yangu haikunifunga kwenye ukuta ule. Ardhi ya Mungu ni pana. Isitoshe, haki ina pande mbili. Wenyewe husema kwamba kabla ya msikiti palikuwa na kanisa mahali pale, na nguzo nyingi tunazozisifu ziliondolewa katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi. Aliyejenga Cordoba naye alijengea mawe ya waliomtangulia. Mtu akitaka kulia na alie, lakini alie akiwa ameisoma habari yote.

Kuhusu tikiti, nilimtuliza nahodha kwa habari moja: kwa miaka mingi pamekuwa na saa moja ya asubuhi, yaani saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu, siku zisizokuwa Jumapili, ambapo mtu huingia bure, kimya kimya, kabla ya makundi ya watalii kufika. Alinyamaza akanywa kahawa yake. Hakusema ndiyo, wala hakusema la.

Mimi, nikiwa mshairi, nakiri ya kwamba moyo wangu uko Granada zaidi. Cordoba ni nguzo. Granada ni maneno. Katika kasri la Alhambra, lililoanzwa na wafalme wa Banu Nasri mwaka 1238, kuta zimeandikwa kama ukurasa wa msahafu wa zamani. Neno la ufalme wao, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, limerudiwa tena na tena hata jicho linachoka kulihesabu. Na si aya na dua pekee. Mashairi ya Ibn Zamrak, aliyekuwa waziri na mshairi, yamechongwa majengoni, na shairi moja limezunguka birika lililobebwa na simba kumi na wawili wa mawe, likilisifu birika lenyewe na maji yake. Hebu fikirieni, enyi wenzangu mnaoandika tungo na kuziona zikifungiwa maandazi: beti za mshairi zikachongwa katika jiwe, watu wakapita kuzisoma kwa miaka zaidi ya mia sita! Watalii wengi huzipiga picha wakidhani ni mapambo tu. Mtoto wetu aliyesoma juzuu chuoni, hata kama Kiarabu chake ni cha kukokota, atafumbua humo neno asilolijua tajiri aliyetoka Marekani. Hiyo ni mali, na hatukuilipia kodi.

Na lugha yenyewe ya nchi hiyo itamchekesha Mswahili. Sukari wao waita *azúcar*. Zafarani ni *azafrán*. Mkuu wa mji ni *alcalde*, naye asili yake ni yule yule kadhi. Wakitaka kusema "mpaka" husema *hasta*, ndiyo hata yetu ya "hata asubuhi". Kitu kimoja kimetoka Arabuni, nusu kikaenda magharibi na nusu kikapanda jahazi kuja kwetu.

Sasa nije kwenye mipango, kwani hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, nami nilikosea wa kwanza. Hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa na miji saba. Nilitia Toledo, nikatia Lisbon, nikavuka bahari nikatia na Fez, yote kwa siku kumi na mbili. Wakala mmoja wa safari hapa mjini alinizidi wazimu: alinionyesha karatasi yenye miji tisa kwa siku nane, na akataka malipo ya kwanza papo hapo. Hayo ni mashindano ya mbio. Nimebakisha miji mitatu, na baina yao gari la moshi halichukui muda. Cordoba na Sevilla ni kiasi cha robo tatu ya saa.

Tena wakati. Anayekwenda Julai au Agosti kwa kuwa shule zimefungwa atajuta, kwani joto la Cordoba hupita digrii arubaini, na si joto letu lenye upepo wa bahari. Machi, Aprili, Oktoba, hizo ndizo nyakati. Tikiti za Alhambra hukatwa wiki nyingi mbele, huandikwa jina na nambari ya pasipoti, na kwa yale majumba ya wafalme huandikwa na saa ya kuingia, ukichelewa, umechelewa. Viza nayo ina ada ya yuro 90 tangu mwaka 2024, na hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, na tikiti ya kurudi. Mtu asilipe nauli yote kabla ya kujua kama viza imetoka. Chakula ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu nguruwe huko hutiwa hata mahali usipomtarajia; samaki na mboga za mafuta ya zeituni zitamtosha mtu, na Granada kuna maduka ya Waislamu. Ijumaa yangu nimeipanga iwe huko huko Granada, katika msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003 juu ya kilima cha Albaicín, unaotazamana na Alhambra. Hapo mtu ataswali bila ya kumwomba mtu.

Lipo na jambo la adabu. Nawashauri wanaotaka kwenda waanze na Gedi, Jumba la Mtwana, Takwa na kuta za zidaka za Lamu. Nimewaona vijana wetu wanaojua majina ya milango ya Istanbul na hawajavuka kivuko kwenda kuyaona magofu yao wenyewe.

Nilisema nitalirudia lile swali la Makka. Mimi nilijaaliwa kuhiji miaka iliyopita. Mwenzangu wa nyumbani bado. Kila mwaka pana kizuizi: ada za watoto, maradhi ya mama yake, paa. Usiku mmoja alilichukua daftari la wazimu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akalirudisha mezani bila ya kusema neno. Asubuhi nilipolifungua nikakuta chini ya jumla ya hesabu zangu ameandika kwa kalamu ya risasi: "Na mimi?" Kwa ujinga wangu nikadhani anataka tufuatane Granada. Nikamwambia, inshallah, nitaongeza gharama za mtu wa pili. Akanitazama. "Baba watoto," akasema, "mimi nasema Makka."

Sikuwa na jawabu, wala sina sasa. Hija ni faradhi juu ya mwenye uwezo; Alhambra ni matembezi, hata kama ni matembezi yenye elimu. Pesa nilizokuwa nikiziweka zilitokana na nyumba moja, jikoni mwake na kalamuni mwangu. Zile za kwenye bahasha zimehamishwa. Lakini neno hili nalisema pia kwa wale waliokwisha kutimiza faradhi yao, wanaokwenda Dubai mwaka baada ya mwaka wakarudi na mablanketi na runinga: mara moja, mara moja tu, na wayapeleke macho yao na ya watoto wao mahali penye kusomeka.

Daftari sasa lina sehemu mbili. Mbele ni kwake: chanjo, pasipoti, mahramu, karo ya msafara. Nyuma ni kwangu, Cordoba siku tatu, Sevilla tatu, Granada tano, na siku moja ya kupotea njia. Juzi nahodha aliniomba nimwonyeshe sehemu ya nyuma. Aliisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, kama wasomavyo wazee, kisha akataka jina lake liandikwe, kwa sharti moja: mimi nikiingia ndani ya msikiti, yeye atanisubiri nje, kwenye ua wa michungwa. Hapo hapalipwi kitu, na ndipo watu walipokuwa wakitawadha. Nimemwandika.