Maji ya Radiatere Yanakwenda Wapi?

Motokari inapanda toka Baraka mpaka Fizi. Asubuhi radiatere ilijaa, jioni inadai lita nzima, na chini hapana hata tone. Shoferi anajaza tu, kesho tena. Hivyo ndivyo moteri nyingi zinavyokufa.

Kwanza mngojee ipoe kabisa. Kufungua kifuniko cha moto ni kujiunguza uso, na watoto wanapenda kusimama karibu! Kifuniko chenyewe mkitazame: kazi yake si kufunika tu, kinabana mvuke ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukikatika, maji yanatoka njiani kidogo kidogo kama mvuke. Mlimani ni mbaya zaidi, maana huko juu maji huchemka upesi. Tazameni pia mipira ya maji na pompi. Doa jeupe lililokauka linaonyesha panapovuja.

Kama nje ni kukavu, basi yanapita ndani. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Moshi mweupe usiokoma hata moteri ikishapata moto, nao unaonyesha kwamba joenti ya kichwa, ile karatasi ngumu kati ya kichwa na mwili wa moteri, pengine imeungua.

Maji ya Tanganyika yana madini, yanaacha ukoko ndani. Ya mvua ni afadhali. Na kabla ya kufunga joenti mpya, fundi apime kichwa kwa rula iliyonyooka. Kikiwa kimepinda, hiyo mpya nayo itaungua.