Mgeni Akija Kutaka Shamba: Niliyoyaona Munduk

Bwana Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika gazeti letu la chama nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wanachama wengi sasa wanaulizana barazani, nalo ni hili la wageni wanaofuatana na madalali kutaka mashamba ya mikarafuu yaliyo vilimani na kuelekea bahari. Mimi mwenyewe limenifika. Shamba aliloniachia marehemu baba, lenye mikarafuu isiyopungua arubaini, linatakiwa na mtu anayetaka kujenga nyumba za watalii, alikodi kwa miaka thelathini na kulipa zote mkupuo mmoja. Fedha alizozitaja ni nyingi kuliko nilizopata kuzishika tangu kuzaliwa. Sikumkubalia wala sikumkataa. Nilimwambia angoje nirudi safari.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanangu afanyaye kazi Doha alitaka twende pamoja Indonesia, kisiwa cha Bali, katika mwezi wa Agosti 2024, akanilipia nauli. Mimi pwani za Bali sikuwa na haja nazo, kwa kuwa pwani tunazo. Nilimwambia kama ataka kunifurahisha anipeleke wanakolima karafuu. Basi tulipoteremka uwanja wa ndege ulio kusini ya kisiwa, na mwanangu akisha kulipa ile ada ya rupia 150,000 ambayo tangu Februari 2024 kila mgeni atokaye nchi ya nje hutozwa kwa kuingia Bali, tulishika njia ya milimani. Ukipita ziwa Beratan, kisha ukapita juu ya maziwa mawili, Buyan na Tamblingan, wateremka upande wa kaskazini katika wilaya ya Buleleng, na hapo ndipo kilipo kijiji cha Munduk.

Wanachama wenzangu, niliijua Munduk kwa pua kabla sijaiona kwa macho. Ulikuwa msimu. Karafuu zimeanikwa juu ya maturubai kandokando ya barabara, na mbele ya nyumba wanawake wamekaa wakichambua karafuu na makonyo kama wanavyokaa wake zetu. Tofauti niliyoiona ni katika kuchuma. Wenzetu hutumia ngazi ya mwanzi mmoja mrefu uliopachikwa vijiti vya kukanyagia, ikafungwa kamba pande mbalimbali isianguke, na mchumaji akafanya kazi juu yake bila kuvunja matawi. Nadhani chama chetu kingefanya vyema kuijaribu, maana kila mwaka tunazika vijana walioanguka.

Tulipanga chumba nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja mzee. Mwanangu alisema naye kwa Kiingereza, na kijana wa yule mzee akamfasiria babake. Aliniita "Pak", kama sisi tunavyomwita mtu mzima "mzee". Alipoambiwa nimetoka Zanzibar alisimama, akanishika mkono, akanipeleka shambani mpaka kwenye mkarafuu mmoja mkubwa, akaupiga kofi shina akasema, "Zanzibar." Nikadhani anitania. Kumbe kweli, katika aina za mikarafuu wanazozijua Indonesia mojawapo huitwa Zanzibar, nayo ndiyo wanayoisifu kwa mazao.

Basi tafakarini. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zake, huko huko Indonesia. Waholanzi katika karne ya 17 waliikata mikarafuu ya visiwa hivyo ili ibaki Ambon na jirani zake tu, chini ya mikono yao. Mfaransa Pierre Poivre akapata miche kwa siri, ikafika Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika kwetu. Kisha jina letu likarudi kule ulikotoka. Na kwa miaka mingi watu wa Indonesia ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa, kwa ajili ya sigareti zao za kretek zitiwazo karafuu, mpaka walipopanda yao kwa wingi katika miaka ya 1970 na soko letu likaanguka. Wazee wanaosoma haya wanakumbuka miaka ile tulivyoishi.

Nilidhani basi wenzetu wamekaa raha. Yule mzee alinicheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yao iliunda shirika moja, liitwalo kwa kifupi BPPC, likapewa peke yake haki ya kununua karafuu za wakulima, na mwenye kuliongoza alikuwa mtoto wa Rais Suharto. Bei ya mkulima ikaanguka hata wengine wakaacha karafuu zioze mtini, na wengine wakaikata mikarafuu wakapanda vitu vingine. Shirika lile lilivunjwa mwaka 1998, na baadaye bei ikapanda. Lakini aliyekata alikuwa hana cha kuchuma. Yeye hakukata. Alisema hakuwa na akili kuliko jirani zake, ila miti ile aliipanda na babake, basi mkono ulikuwa mzito.

Jambo alilojifunza ni kwamba mkulima asitegemee karafuu peke yake. Kijiji kile kina baridi ya mlimani na maporomoko ya maji, na tangu enzi za Waholanzi watu wa mijini walikuwa wakipanda kuja kupumzika. Basi alikopa, akajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na baadaye vingine viwili. Hakukopa kwa mgeni. Huko Bali, tangu miaka ya 1980, vijiji vya mila vina vyombo vyao vya kuweka na kukopesha fedha, viitwavyo LPD, na mwenye mali ni kijiji chenyewe. Si vyote vilivyotunzwa vizuri, na viko vilivyofilisika kwa uongozi mbovu. Lakini pale pana uongozi mwema, mwanakijiji mwenye haja hupata mkopo karibu na kwake bila ya kuweka shamba mikononi mwa mtu wa mbali.

Wageni wanaopanga kwake hawataki mambo makubwa. Wataka kitanda safi, maji ya moto, wali, na mtu wa kuwatembeza shambani awaambie karafuu ni nini. Mkewe hupika, kijana hutembeza wageni, na mzee huchuma. Mgeni naye ana adabu zake za kufuata. Huvaa nguo ya heshima anapopita hekaluni, hungoja maandamano ya ibada yapite ndipo aendeshe gari, na siku yao ya kimya, Nyepi, hatoki nje hata barabarani, maana siku hiyo hata uwanja wa ndege hufungwa. Kijiji cha mila kina sheria zake, na anayekaa pale, awe tajiri vipi, huzifuata.

Ijumaa tulikwenda kusali Pegayaman, kijiji cha Kiislamu katika wilaya hiyohiyo. Kwa mapokeo yao, wazee wao walifika zama za mfalme Panji Sakti wa Buleleng, karne ya 17. Nao wanalima kahawa na karafuu, wanaitana Wayan na Ketut kama Wabali wengine, huku jina la pili ni Muhammad au Abdullah, na Maulidi wanayasoma kama sisi. Nilijiona niko nyumbani.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Mke wa yule mwenyeji ana ndugu yake kusini ya kisiwa, upande wa Canggu, ambako mashamba ya mpunga yamegeuka nyumba za wageni. Ndugu yule alikodisha shamba lake lote miaka ishirini na mitano. Huko kodi huhesabiwa kwa "are", yaani mita mia za mraba, ambazo kiasi cha arubaini hufanya eka moja, na desturi ni kulipwa miaka yote kwa mara moja. Akapokea. Akafanya sherehe, akanunua gari, akamjengea mtoto nyumba. Mwaka wa sita fedha zilikwisha. Leo ni mlinzi wa usiku katika lango la shamba lake mwenyewe, na amebakiwa na zaidi ya miaka kumi ya kulinda. Hakuibiwa, wala karatasi haikuwa ya uongo. Alichouza ni miaka ya watoto wake, naye hakujua kuwa miaka ina bei.

Na mgeni naye msidhani hupata salama siku zote. Sheria ya Ardhi ya Indonesia, Nambari 5 ya mwaka 1960, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Awezayo kupata ni haki ya kutumia kwa muda, au kukodi. Basi wako wanaoandikisha shamba kwa jina la mwenyeji, kwa mapatano ya chini kwa chini. Sheria ile inasema mapatano ya namna hiyo ni batili, na ardhi huingia mikononi mwa dola. Nawaambia haya vijana wetu walioko Ghuba, wanaosikia Bali ni ya kutajirika upesi. Anayewaonyesha njia ya mkato katika ardhi ya watu, mwombeni kwanza awaonyeshe sheria.

Kwetu pia ardhi ni ya umma, na mgeni hapewi ila kwa kukodishwa na kwa kibali. Walakini kibali hakimzuii mkulima kuondoka shambani kwa hiari yake, na hiyo ndiyo hatari ninayoisema.

Najua watakaonipinga, na hoja zao si nyepesi. Watasema mikarafuu mingi imezeeka, wachumaji ni haba, mwaka mmoja mti wazaa na miwili hauzai, na ada ya shule haingojei msimu. Kweli tupu. Watasema tena kwamba shamba ni la mtu, naye ana haki ya kulitumia atakavyo. Hiyo nayo ni kweli. Mimi simlaumu maskini aliyekubali. Nilichofanya ni kuketi na kalamu. Nilizichukua fedha nilizotajiwa nikazigawa kwa miaka thelathini. Zikawa, kwa kila mwaka, kiasi cha karafuu kavu za msimu wa wastani baada ya kutoa ujira wa wachumaji. Si zaidi. Ila kwa njia ya kwanza mikarafuu imekatwa, na kwa njia ya pili ingali imesimama. Tena shamba likirudi baada ya miaka thelathini litarudi na saruji. Mjukuu wangu atakayetaka kupanda upya atangoja miaka sita hata minane aone karafuu za kwanza, na zaidi ya hapo ndipo mti ukomae.

Rai yangu kwa chama ni tatu. Kwanza, mwanachama akijiwa na dalali, alete karatasi ofisini isomwe na mjuzi wa sheria kabla ya kutia saini, na asione haya. Pili, chama kianze mfuko wa kukopeshana, hata mdogo, kwa mwanachama atakaye kujenga chumba kimoja au viwili vya wageni katika kiwanja chake, kwa sharti kwamba mikarafuu haikatwi. Hesabu zake zisomwe hadharani kila mwaka, tusije tukafilisika kama baadhi ya wenzetu. Tatu, anayelazimika kukodisha na akodishe kipande, kwa miaka michache, na kodi ilipwe mwaka kwa mwaka na kuongezeka, isilipwe mkupuo mmoja.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba kwa kiasi kikubwa ikasalimika, na ndipo ilipopata kuwa mama wa karafuu. Kilichotuokoa siku ile ni kudra. Leo hatari yaja kwa kalamu, na kalamu iko mkononi mwetu wenyewe.

Jibu langu kwa yule mtu nimekwisha mpa. Nimemwambia shamba silitoi, lakini akipenda kuleta wageni wake waone karafuu zinavyochumwa, mlango u wazi na chai ipo, na malipo yake tutapatana. Hajarudi bado. Mwanangu amenipa fedha za kuanzia chumba kimoja, na fundi amekwisha piga msingi, mbali na mikarafuu.

Wenye maoni mengine nawaomba waandike katika gazeti hili hili, tujibizane kwa heshima. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni mimi,
Mwanachama wa Mkoani, Pemba