Barakoa Haikuwa Yao

Kuna swali ambalo limenichosha: "Si mieleka ni maigizo tu?" Wanaoliuliza ni watu wazima wanaolia wakitazama sinema. Haya, ni maigizo. Mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Lakini maigizo si ruhusa ya kumwibia mtu, na kuna wizi uliofanywa ulingoni mbele ya kamera ambao mpaka leo unaitwa biashara.

Namzungumzia Rey Mysterio. Ndiyo, huyo wa 619. Wengi wetu hapa Kenya tulimjua kwenye runinga kabla hatujajua jina la mbunge wetu. Tulining'inia kwenye nguzo za vitanda bwenini tukirusha miguu mpaka matroni akaja na fimbo. Hakuna aliyeuliza barakoa ile (si ya korona, tafadhali) ilitoka wapi.

Ilitoka kwa anko. Óscar Gutiérrez alizaliwa 1974 upande wa Marekani, Chula Vista, California, lakini kazi alifundishwa ng'ambo ya mpaka, Tijuana, na anko wake aliyepigana kwa jina Rey Misterio. Akaanza mapambano 1989, ana miaka 14, mfupi, mwepesi. Na hapa ndipo ninapopapenda: hakupewa jina la familia siku ya kwanza. Kwanza aliitwa La Lagartija Verde, mjusi wa kijani. Kisha Colibrí, yule ndege mdogo anayeelea mbele ya ua akinyonya. Jina la anko lilikuja baadaye. Kwetu mtu hurithi shamba kwa kuzaliwa tu. Huyu jina alilirithi kwa kuangushwa sakafuni mara nyingi.

Mexico, barakoa si nguo. El Santo alianza kuvaa yake ya rangi ya fedha 1942, akacheza nayo filamu zaidi ya 50, akazikwa nayo 1984. Kuna mapambano ambapo mtu huiweka dau: akishindwa anaivua mbele ya umati, jina lake halisi linatajwa, na desturi inasema haivai tena. Hivyo ndivyo El Santo alivyomvua Black Shadow mwaka 1952, na pambano lile linasimuliwa hadi leo. Ukikubali dau kama hilo, ujue umeweka maisha yako ya kazi mezani.

Sasa tazameni kampuni ya WCW. Walikuwa na kijana wa miaka 24 anayeruka kama hana mifupa. Wakubwa wakaamua uso mtupu utauza zaidi. Yeye hakutaka, na amelisema hilo hadharani. Tarehe 21 Februari 1999, Oakland, wakamweka na Konnan dhidi ya Kevin Nash na Scott Hall. Dau lilikuwa barakoa yake kwa nywele za Miss Elizabeth. Nywele, bana! Kitu kinachoota tena. Akashindwa, akavua, shoo ikaendelea.

Ati mkataba ni mkataba. Hoja hiyo naijua vizuri kwa sababu ndiyo inayonilisha. Niliacha chuo karo iliponishinda, na tangu hapo naandikia watu. Kuna mteja aliniambia makala ni safi kabisa, sasa nitoe jina langu, litamchanganya msomaji. Nililitoa, nikalipwa. Lakini jina ni langu, nikitaka kesho nalirudisha. Barakoa ya Rey ilikuwa na mwenyewe mwingine kule Tijuana, mzee aliyelibeba jina lile kabla yake, na sahihi ya kijana haiwezi kuuza kitu cha mzee.

WCW ilinunuliwa na mshindani wake 2001. Mwaka uliofuata Rey akaingia WWE na barakoa usoni, na wasee husema basi, mambo yalirekebishwa. Yalirekebishwa wapi? Barakoa ilirudi kwa sababu watoto huinunua. Iliondolewa kwa hesabu ya pesa, ikarudishwa kwa hesabu hiyo hiyo, na kwa desturi ya Mexico iliyovuliwa hairudi. Mimi nafurahi alirudi, la sivyo tusingekuwa na 619 bwenini. Ila wa kushukuriwa si kampuni.

Halafu kuna mwanawe, Dominik. Mwaka 2005, akiwa na miaka minane, aliingizwa kwenye hadithi ambamo baba yake na Eddie Guerrero walipanda ngazi kuamua nani atamlea. 2022 akamgeuka baba yake kule Cardiff. Anapigana uso wazi, anazomewa vizuri sana, na kusema kweli nampenda. Lakini ona alivyowafaa wakubwa: jina la familia lipo, deni la barakoa halipo.

Anko alifariki Desemba 2024. Miezi minne baadaye WWE ilitangaza inanunua AAA, ligi ya Mexico ambako Rey aling'ara miaka ya tisini kabla ya kuvuka. Septemba 2025 mkanda mkubwa wa AAA ukaenda kwa Dominik, na ulishindaniwa Las Vegas.

AAA imejaa wapiganaji wenye barakoa, baadhi yao rika langu. Nataka kujua mikataba yao inasema nani ataamua ivuliwe lini.